Kitabu cha Kuvulia kwa Mkono Mmoja

Wenzangu ambao magoti yameshaanza kugoma, ninyi ndio mtanielewa. Ifakara tuliyokulia haikuwa na treni wala lami. Ukitaka kwenda upande wa Mahenge ulishuka mpaka mtoni, ukasubiri pantoni mpaka ukachoka kusubiri, ukaanza kusubiri upya. Masika yakikolea bonde lote linakuwa maji. Mpunga ukianza kutoa masuke, sisi watoto tunashinda kwenye dungu, tunawinga ndege kwa makopo na kwa matusi ambayo wazazi walijifanya hawayasikii. Shuleni tulikwenda na ufagio mkono mmoja na kibuyu cha maji mkono mwingine. Tulicheza mdako kwa kokoto, na rede kwa mpira wa matambara uliokuwa ukilowa unauma kuliko fimbo ya mwalimu. Jioni kulikuwa na wali wa mpunga mpya, na kambale wa moshi aliyepikwa na majani ya maboga. Siku hizi wajukuu zangu wakiona kichwa cha samaki kwenye sahani wanageuza uso. Nawaacha. Nimechoka kubishana na watu wanaokula mikate ya nailoni.

Hata kukumbuka kunanichosha, lakini hili nataka nilitoe kifuani.

Baba yangu alikuwa mvuvi. Kiangazi kikifika, maji yakirudi mtoni, alihamia dago, ile kambi ya wavuvi, akakaa huko wiki kwa wiki akivua na kubanika. Kurudi kwake tulikujua kwa harufu ya moshi kabla hatujamwona. Mwaka nilioingia darasa la nne, kiboko aliupindua mtumbwi wake. Alitoka hai, ila mkono wa kushoto ulivunjika juu ya kiwiko, ukaunga upande, haukunyooka tena. Kasia linataka mikono miwili. Wavu unataka mikono miwili na mgongo. Baba akawa mtu wa kukaa nyumbani.

Mwanamume aliyezoea mto akikaa nyumbani ni mzigo, kwanza kwake mwenyewe. Alikuwa anasuka mgono, ule mtego wa fito, akifika katikati anaufumua, anaanza tena. Mama yangu alimpitia pembeni siku nzima, kama mtu anavyopita karibu na chungu kilicho motoni. Wavuvi wenzake walimletea samaki wa kula. Walifanya hivyo kwa wema, na kila walipoondoka Baba hakula.

Siku moja alikwenda kivukoni kupunga upepo, akarudi anatembea haraka, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu ajali. Alikuwa amemwona bwana mpima, Mzungu mmoja aliyekuja kupima bonde. Alisimama ukingoni na fimbo ndefu nyembamba, akirusha uzi mbele na nyuma kwa mkono wa kulia tu. Kwenye ndoano hakukuwa na chambo, kulikuwa na manyoya yaliyofungwa yakafanana na mdudu. Uzi ukatua, samaki akaruka kuudaka. Baba alimwuliza mpishi wa Mzungu huyo ufundi ule unafundishwa wapi. Mpishi akamfasiria bwana wake, kisha akaleta jibu kwamba bwana hakufundishwa na mtu, alijifunza ukubwani, kwenye kitabu.

"Mama," Baba aliniambia. Aliniita hivyo kwa sababu nilirithi jina la mama yake, na kwetu jina hilo lilikuja na heshima zake. "Kuna kitabu cha kuvulia kwa mkono mmoja. Kitafute. Wewe ndiye unayesoma humu ndani."

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Niliona kichwa changu kimekuwa kikubwa.

Nilianzia kwenye kabati la shule. Mwalimu aliniruhusu nipekue, nikakuta vitabu vya hesabu, vya kulima pamba, na kimoja cha samaki, nikaruka kwa furaha. Kumbe ni samaki wa baharini na meli za kuvulia. Nikaenda misheni. Padre mzee mwenye ndevu alinisikiliza vizuri, akanipa kitabu kinene kama tofali, maandishi madogo kama sisimizi, hakuna picha hata moja. Baba alikipokea kwa mkono wake mzima, akakifungua, akakiangalia kwa muda mrefu, akasema hiki ni cha watu waliokwisha kujua. Tangu siku ile, mtu akiniuliza kitabu gani kinamfaa anayeanza, kuvua au kushona au kupika, namwambia atafute kile kilichochora mikono.

Na hicho ndicho nilichokipata, tena kwa kutumwa chumvi. Mzee Salumu, aliyekuwa na banda sokoni, alikuwa akifungia karanga kwenye kurasa za vitabu vikuukuu. Niliona mkono umechorwa kwenye karatasi ya mteja mmoja, mkono umeshika fimbo nyembamba. Nikamsalimu shikamoo mara mbili kwa kuchanganyikiwa. Kumbe bwana mpima alishahamia upande wa Kiberege, na mpishi wake akawa amemwachia Mzee Salumu makaratasi yote yaliyobaki. Nusu ya kitabu ilikuwa imeshakwenda na karanga. Nusu iliyobaki nilipewa kwa kumfagilia banda siku tatu.

Sasa, Kiingereza. Sisi darasa la nne tulikuwa tumefika kwenye ng'ombe, kiti, na mwalimu amesimama. Basi. Nilipofungua zile kurasa nyumbani, Baba ameketi mbele yangu kwenye kigoda, Mama amesimama mlangoni na mwiko, nilitambua kama maneno manne kwa ukurasa. Nilipaswa kusema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa kwa kusema. Lakini Baba alikuwa amenawa uso na kuvaa shati la kanisani kwa ajili ya kusomewa, na mimi nikaanza kusoma picha.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Picha za kufunga manyoya kwenye ndoano zilijieleza zenyewe. Jogoo wetu mwekundu alinyofolewa manyoya ya shingo mpaka akawa anatuona anakimbilia kwa jirani. Baba alikaza uzi kwa meno na mkono wa kulia, mimi nikazungusha kwa vidole, na yule mdudu wetu wa kwanza alipokamilika Baba alicheka. Akasema huyu ni kumbikumbi, na perege wakiona kumbikumbi ameanguka majini hawaulizi. Fimbo ilitoka kwenye mwanzi mwembamba ulioletwa kutoka Mang'ula. Uzi tuliusokota wenyewe, tukaupaka nta. Jioni zile nyumba yetu ilikuwa na mazungumzo tena. Mama akawa anaimba jikoni, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau.

Tulikwenda mtoni wakati maji yamepungua, mahali pa chini ya kivuko, asubuhi jua likiwa bado pole. Baba alirusha. Uzi ukaenda nyuma ukanasa kwenye matete. Akanasua, akarusha, ukanasa. Ukingo mzima ule ni matete nyuma yako, marefu kuliko mtu, hakuna nafasi ya kurudisha uzi. Mara ya saba au ya nane ndoano ikakatika na manyoya yake. Baba hakukasirika. Alifunga nyingine, akaniambia nifungue kitabu nione kinasemaje mtu akiwa na majani nyuma yake.

Nilifungua. Ukurasa ulijaa maandishi, na katikati kulikuwa na picha ya mtu amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, amevaa viatu virefu vya mpira, anarusha uzi bila shida yoyote. Nikaweka kidole.

"Kinasema uingie majini."

"Kinasema hivyo?"

"Ndiyo, Baba. Kimeandika."

Jamani, mtoto wa Kilombero. Kabla hatujafundishwa kuhesabu tulifundishwa kwamba maji yale hayaingiwi hivi hivi. Hata kuchota tulichota kwa kata yenye mpini mrefu, tukisimama mbali. Aliyechora picha ile alikuwa na mto wake wa kwao, wenye mawe na baridi, usio na mamba. Mimi nilijua hilo, na Baba, aliyezaliwa pale, alilijua mara mia. Lakini kitabu ni kitabu, na mimi nilishasema.

Aliyatazama maji. Aliyatazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Akakunja suruali, akaingia mpaka magotini, halafu mapajani. Alirusha, na kwa mara ya kwanza uzi ulikwenda nyuma ukarudi mbele ukiwa mzima. Ulitua vizuri sana. Nilipiga makofi.

Sikumwona mamba akija. Niliona maji yakitutumka, Baba akiangukia upande, fimbo ikienda zake. Alijivuta kwa mkono mmoja kwenye mizizi ya matete, na mimi nikashika kola ya shati lake nikavuta, sijui kwa nguvu gani. Alipotoka, shavu la mguu wa kulia lilikuwa limechanika mahali pawili. Meno yalikuwa yamekwaruza tu. Kama yangeshika, nisingekuwa naandika haya.

Mama alitaka kukichoma kitabu. Alikuwa ameshakifikisha jikoni. Kwa hasira akasema mficha uchi hazai, kama kuna mtu hajui kitu aseme, na mimi nikaona amenisema mimi, ingawa alikuwa anamsema mumewe. Baba alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu umefungwa kitambaa. Alisema kitabu hakina kosa. Akaniagiza nikiweke mahali pakavu, na kesho nisikose shule.

Hakuvua tena. Mguu ulipona ukamwachia kuchechemea, na Mama hakutaka tena kusikia neno mto. Alimaliza migono safari hii, akasukia wavuvi wengine, wakawa wanaisifu. Na mimi nikasoma. Mwalimu alishangaa nimepatwa na nini. Nilisoma Kiingereza kama mtu anayekimbizwa, mpaka nikachaguliwa kwenda shule ya kati ya masista, ya bweni. Zile kurasa zilikuwa chini ya sanduku langu, na sikuzigusa kwa miaka miwili. Niliogopa.

Siku niliyozitoa ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Niliusoma ukurasa ule wenye picha, polepole, neno kwa neno. Ulisema anayeanza asiingie kwenye maji asiyoyajua, abaki ukingoni. Na kama ana majani nyuma yake, asirudishe uzi nyuma hata kidogo. Aulaze juu ya maji mbele yake, ainue fimbo taratibu mpaka karibu na sikio, kisha aisukume mbele, na uzi utajiviringisha wenyewe uende. Inawezekana kwa mkono mmoja, kilisema. Yote hayo yalikuwa sentimita mbili chini ya kidole changu.

Likizo ilipofika nilimkuta Baba uani, anasuka. Nilimwamkia, nikaketi, nikamwambia nina ukurasa wa kumsomea. Nilimsomea kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, bila kuruka. Nilipomaliza nilimwambia kwamba siku ile nilidanganya, sikujua kusoma, nilitazama picha tu.

Hakuacha kusuka. "Nilijua," alisema. "Kidole chako kilikuwa kwenye yule mtu."

Nikamwuliza kwa nini basi aliingia.

Alikaza ufito, akautazama kama umekaa sawa. "Humu ndani hakuna aliyewahi kusoma hata jina lake. Ningesema unadanganya, ungekifunga kile kitabu, usingefungua kingine."

Nililia, na yeye akaniacha nilie, halafu akaniambia nimletee mwanzi. Nilitafuta ufito mmoja mrefu na uzi wa kushonea magunia. Alisimama palepale uani, akaulaza uzi juu ya vumbi, akainua taratibu, akasukuma. Alijaribu mara nyingi, kuku wakikimbia huku na huku, na mwishoni uzi ulijiviringisha ukaenda kama ukurasa ulivyosema. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye mgono wake.

Ameshakufa Baba, miaka mingi sasa. Siku hizi nasikia wageni wanakuja kutoka mbali kuvua kwa manyoya kwenye mito ya huku juu, wakimpata samaki wanapiga naye picha, wanamrudisha majini. Baba angeomba aelezwe hayo mara tatu. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu mtu anayefundisha ufundi ule, hatua kwa hatua, bure, na kabla mtu huyo hajamaliza kusema, mjukuu alikuwa ameshahamia kwenye muziki. Nilimwuliza kama ameelewa. Akasema ndiyo, Bibi, haraka vilevile kama nilivyosema mimi.

Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, nikastaafu nimechoka. Darasani mtoto akiniambia amesoma, sikuwahi kumwacha hapo, nilimwuliza swali la pili, kisha la tatu, mpaka wakaniita jina baya. Walikuwa na haki. Mimi baba yangu hakuniuliza la pili. Alikunja suruali akaingia majini.