Ubao Niliofunika kwa Kitambaa

Juzi nilimlalamikia dada yangu kuhusu magoti yangu, tukiwa wawili tu jikoni. Kabla chai haijapoa, simu iliyokuwa mezani ikalia, ikanionyesha tangazo la dawa ya kuchua magoti. Dada alicheka. Mimi niliigeuza simu kifudifudi, kwa maana mlio ule ulinirudisha kijijini kwetu Kibugu, msimu wa mvua, nikiwa darasa la saba na kitabu kisicho na jalada mapajani.

Kitabu kilikuwa cha kaka yangu Njeru, aliyekuwa sekondari, nacho kilinuka moshi. Kilisimulia nchi ambayo kila nyumba ilitundikwa taa ya serikali isiyozimika, na taa hiyo ilisikia. Ukinung'unika, hata kwa mke wako, inapepesa mara moja, na kesho yake unachukuliwa. Kilikuwa cha Kiingereza, nami nilikisoma kwa kamusi, neno moja moja kama mtu anayechambua mchele, na mwili ulinisisimka. Njeru, ambaye elimu ilikuwa imempanda kichwani kidogo, alinieleza kwamba mwandishi alikuwa akitabiri mashine zitakazokuja. "Na hiyo taa si taa tu," akaongeza. "Ni symbol. Kwa hivi vitabu, kitu ikiwekwa kwa ukuta, jua inasimamia mtu."

Nikainua macho kwenye ukuta wetu. Kati ya kalenda na picha ya harusi palikuwa na ubao mdogo wa kung'aa, ule ulio katika nyumba nyingi za Wakristo kwetu, unaosema kwamba Kristo ndiye kichwa cha nyumba, na kwamba yumo humo akisikiliza kila mazungumzo. Nilikuwa nimeusoma tangu nijue kusoma. Siku hiyo niliuogopa.

Ingekuwa hofu ya kitoto tu, kama si maneno ya mama. Tulikuwa tumemzika baba miezi mitatu nyuma. Mchana huo mama alirudi kutoka kupeleka majani chai, aproni yake ya plastiki ikichuruzika maji, akaketi na mdogo wake, Tata Muthoni, kama tulivyomwita mama mdogo, chini ya ubao ule ule.

"Nilimwita Mungu mpaka sauti ikaisha," alisema. "Alikuwa amelala, Muthoni. Alilala tu."

Niliukodolea macho ubao kuona kama utapepesa. Baba alikuwa amekwenda. Mama naye akichukuliwa, tungebaki na nani? Walipotoka nilipanda kochi, nikatwaa kitambaa cha kufuma kilichokuwa mgongoni mwa kochi hilo, nikaufunika ubao.

Alhamisi wamama wa kanisa walikuja kwa maombi. Mwenyekiti wao, aliyejulikana kwa kunusa dhambi kutoka ng'ambo ya mto, akauliza ni nani aliyemfunika Bwana kama sufuria ya maziwa. Nyuso zote zikanigeukia. Nikaangua kilio, na katika kulia nikatapika yote.

"Ni mama alisema Mungu alilala! Nilifunika isisikie, wasikuje kumchukua!"

Mama alikuwa akiwamiminia chai kutoka kwenye chupa. Neno kama lile lingeweza kumtenga na wanawake wale, nao ndio waliokuwa wakimshika mkono tangu mazishi. Aliweka chupa chini, akaondoa kitambaa, akakikunja mara nne.

"Nilisema," akawaambia. "Na huko kwa shamba nimesema mbaya kushinda hiyo. Yote amesikia." Kisha akanigeukia. "Mami," akasema, maana nimepewa jina la mama yake, "umeona amenifukuza?"

Mwenyekiti alifungua Biblia, akaifunga, kisha akasogea kwenye kochi ili mama aketi karibu naye.

Mwandishi yule, ambaye hata jina lake lilichanika pamoja na jalada, aliona mbali sana, na hadi leo namstaajabia. Lakini mama, ambaye hakuwahi kumaliza kitabu, ananistaajabisha zaidi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile alikuwa akinituliza. Kisha nami nikamzika mume wangu, nikamwambia Mungu maneno yasiyosemeka mbele za watu, na ndipo nikatambua kwamba mama alikuwa ameniuliza swali la kweli, na kwamba aliogopa jibu kuliko mimi.