Mlango Uliotangulia

Mtaani walimwita Nyundo, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama analipenda jina hilo, maana kumuuliza Nyundo swali la kipuuzi ilikuwa sawa na kujitafutia ubaya. Kazi yake ilikuwa kuvunja nyumba. Zile za vichochoroni ambako tingatinga haliingii, ndizo zilizokuwa riziki yake. Bega lake moja lilikuwa limeshuka tangu dari la duka lilipomwangukia. Pajani alikuwa na kovu la kisu cha jikoni alichochomwa na mpangaji aliyegoma kuhama, na mpangaji huyo mwishowe alihama bila meno ya mbele. Nyundo hakuona fahari wala haya kwa hilo. Kwake ilikuwa kama mpishi kuungua kidole.

Lakini mtu huyo mkali alikuwa na utaratibu mmoja aliouheshimu kuliko alivyomheshimu binadamu yeyote. Kabla ya pigo la kwanza aliingia ndani peke yake, chumba baada ya chumba, akaweka kiganja ukutani na kuita, "Kuna mtu?" Aliita mara tatu kila chumba. Alichungulia mvunguni, nyuma ya mapipa, hata chooni. Akisharidhika hakuna roho iliyobaki, alitoka, na kwa mkono wake mwenyewe akaung'oa mlango wa mbele na kuuegemeza nje. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara, na watu wake hawakuhitaji filimbi wala maneno. Nyumba yenye mlango haiguswi, hata kama imebaki ukuta mmoja. Nyumba isiyo na mlango imeshaitwa, ikaitika kimya, basi pigeni. Kwa mtindo huo, miaka yote, Nyundo hakuwahi kuua hata paka.

Sasa barabara ikataka kupanuliwa, na nyumba ya mwisho kwenye njia hiyo ilikuwa ya dada yake.

Dada huyo alikuwa mshonaji. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na ulimi usiofungwa na chochote. Ndiye aliyemlea Nyundo baada ya mama yao kufa, katika nyumba hiyohiyo, wakiwa na baba ambaye akilewa alikuwa mnyama. Kuna siku baba alikuja na shoka. Dada, msichana ambaye kifua kilikuwa hakijajaa bado, alimsukuma mdogo wake mvunguni, akaufunga mlango, akaukandamiza kwa mgongo. Shoka lilipenya ubao na kutokeza ncha kando ya sikio lake. Hakusogea. Baba alipiga mpaka akachoka, akalala palepale kizingitini, na asubuhi akaamka akidai chai.

Mlango ule haukubadilishwa. Ulipakwa rangi juu ya rangi, ya buluu, ya kijani, ya maziwa, ukawekwa kiraka cha bati chini ulikoliwa na mchwa, ila mpasuko wa shoka ulibaki. Wateja wakiuliza ni nini, Dada alijibu, "Panya." Wakishangaa panya gani mwenye jino hilo, aliwaambia wainue mikono awapime.

Nyundo alikwenda kumbembeleza ahame, tena na tena. Alimtafutia vyumba viwili mtaa wa juu, akavipaka chokaa mwenyewe. Dada alivikagua, akasema vinanuka upweke, akarudi kwake.

"Dada, nyumba imeshahukumiwa," Nyundo alimwambia.

"Basi hukumu itanikuta nimekaa."

"Nisipoivunja mimi, watakuja wengine. Hao hawaiti mtu."

"Wewe si ndiye mwanamume wa kuvunja? Anza. Mimi nakunja pindo la sketi hapa."

Sikio la kufa halisikii dawa, Nyundo alijisemea, na usingizi ukamhama. Alikuwa ameona watu waliogoma kutoka. Aliwahi kumwona mzee mmoja akitolewa kifusini na kundi lingine, kichwa kimebonyea kama sufuria. Hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba ukuta ule utamwangukia dada yake. Mengine yote yalikuwa kelele.

Ndipo akatokea mbunifu wa maonyesho. Alikuwa mwanamke kijana wa viatu vizito, mwenye adabu na haraka, na mfukoni alibeba kalenda ya maonyesho ya dunia nzima. Huko mbele, alieleza akiwa amekaa kwenye kigoda cha wateja, kuna maonyesho ya viti katika mji wa baridi, halafu ya madaraja yaliyotengenezwa kwa karatasi, halafu wiki nzima ya watu kutazama taa. Na katika jumba moja kubwa ng'ambo kutakuwa na maonyesho ya milango. Milango ya kawaida ya watu wa kawaida, isimamishwe bila kuta, wageni wapite katikati.

"Watu wanapanda ndege kwenda kutazama viti?" Dada aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Wanaruhusiwa kukaa?"

"Hapana."

Dada alicheka mpaka akavua miwani. Lakini mbunifu alikuwa ameshauona mlango. Alipitisha kidole kwenye mpasuko wa shoka taratibu, na macho yakamlengalenga bila hata kujua anachokigusa. Alisema anautaka kuliko milango yote aliyoiona. Dada alisema mlango utatoka siku yeye atakapotolewa.

Maneno hayo yalimpa Nyundo akili, na akili nyingine ni heri mtu asipewe. Alimfuata mbunifu kichochoroni. Alimwambia auchukue mlango, aje asubuhi na mapema, yeye atasimamia. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mwanamke anayeishi peke yake hawezi kulala katika nyumba isiyo na mlango. Atanung'unika, atalia, atamtukana mdogo wake tusi la nguoni, kisha atahama. Mbunifu alifurahi, maana orodha ya milango ilikuwa inafungwa na meli haisubiri mtu.

Asubuhi ile wabebaji wawili walikuja na mablanketi na kamba. Nyundo alikamata mtarimbo akaupachika kwenye bawaba ya juu. Hakuwa ameita chumba hata kimoja. Angeita nini, na mtu mwenyewe amesimama mbele yake na pasi ya mkaa mkononi?

"Weka chini hicho chuma," Dada alisema.

"Nakuokoa, Dada."

"Nilikuokoa kwa mlango huu, wewe unaniokoa kwa kuung'oa?"

Bawaba ililia, ikaachia. Dada akainua pasi na kumpiga nayo kichwani. Ilikuwa bado na moto. Ngozi ilipasuka juu ya jicho, damu ikamwagika, makaa yakaruka sakafuni na kuunguza vitambaa. Akampiga tena, begani, lile bega bovu. Nyundo alipiga kelele na mkono wake ukaenda wenyewe. Kofi lilimpata Dada shavuni, miwani ikaruka, akagonga fremu na kukaa chini.

Nyundo hakuwa amewahi kumpiga dada yake maishani. Wote wawili walilijua hilo, na kwa muda walitazamana kama watu wasiofahamiana. Mbunifu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Wabebaji waliushika mlango wakatazama pembeni, kama watu wanaosikia ugomvi wa chumba cha pili.

"Umefanana naye sasa," Dada alisema. "Hata mdomo."

Nyundo alimbeba begani, akipigwa mgongoni na kung'atwa sikio, akampeleka kwa jirani wa ng'ambo ya njia na kumketisha kwenye mkeka. Alimwambia jirani amshike, asimwachie hata akiomba maji. Mlango ulifungwa mablanketi, ukapakiwa, ukaondoka. Damu ilipomziba Nyundo jicho, mbunifu alimsukuma garini akampeleka zahanati kushonwa. Njiani Nyundo alifikiria kofi lile. Hakufikiria kitu kingine, na kosa lilikuwa hapo.

Kwa maana msaidizi wake, mtu wa shingo nene aliyeitwa Kifaru, alikuwa anakuja na kundi zima kutoka kazi nyingine. Nyundo alidhani watamsubiri. Watamsubiri kwa lipi? Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kutosubiri mtu. Walifika, wakaiona nyumba haina mlango, fremu wazi, ndani giza na kimya. Bosi ameshaita, Kifaru alisema, ameenda kunywa chai. Wakatema mate viganjani wakazunguka nyuma, kwenye ukuta unaobeba paa, na Kifaru akapiga pigo la kwanza.

Jirani alisimulia baadaye huku akijipiga kifua. "Alinyamaza, akasema amekubali kuhama. Akasema anachukua cherehani tu. Cherehani tu, jamani, ningemkatalia vipi? Sikujua kuna watu nyuma."

Nyundo alirudi na bandeji kichwani, akalikuta vumbi limesimama juu ya njia na jirani akipiga mayowe. Hakuhitaji kuelezwa. Aliingia kifusini kwa mikono. Alirusha mawe, alivuta mbao zenye misumari, bati likamchana kiganja mpaka kwenye weupe wa mfupa, kucha mbili zikang'oka na wala hakuzisikia. Watu wake walichimba pamoja naye. Kila alipofika pengo aliweka mdomo na kuita, "Kuna mtu?" Aliita zaidi ya mara tatu. Aliita mpaka sauti ikawa kama ya mbwa.

Walimkuta amelalia cherehani, mikono imeizunguka, uso mweupe kwa vumbi. Boriti ilikuwa imemvunja shingo. Shavuni alama ya vidole vya mdogo wake ilikuwa bado inaonekana.

Nyundo alisimama, akamfuata Kifaru, akampiga ngumi ya taya. Lilivunjika, kila mtu alisikia. Akampiga tena akiwa chini, mbavuni, kwa buti. Kifaru angeweza kumnyanyua na kumtupa kama gunia, alikuwa na nguvu hizo. Hakurudisha hata pigo moja.

"Mlango haukuwepo, bosi," alisema, damu ikimtoka na maneno. "Nilifika mlango haupo."

Buti likasimama hewani. Hapo ndipo Nyundo alipoelewa ni nani aliyemuua dada yake.

Wenye mamlaka waliandika kwamba ni ajali. Mtaa ulisema mchimba kaburi huingia mwenyewe, ila huyu amemtanguliza dada yake, na walisema hivyo akiwa anapita ili asikie. Hakumpiga mtu. Mbunifu alikuja msibani, akalia kweli, akauliza kama auondoe mlango kwenye maonyesho na kuurudisha.

"Utaufunga wapi?" Nyundo alimuuliza. "Ukuta haupo."

Lakini hasira haina adabu ya kukaa ilipoambiwa. Alisikia kwamba kabla ya safari milango itaoneshwa hapahapa mjini, katika ghala moja kubwa, watu waiage. Aliwaza wageni wa mji wa baridi wakitia vidole kwenye mpasuko wa shoka, wakisema ni alama nzuri. Aliwaza mlango huo ukizunguka dunia salama, umefungwa mablanketi, na aliyeulinda kwa mgongo wake yuko chini ya udongo. Akachukua nyundo yake kubwa, akaiweka begani, akaenda kuuvunja.

Ghala lilikuwa limepakwa rangi nyeupe mpya, limejaa watu wenye vikombe mkononi. Milango ilisimama katika fremu zake bila kuta, kama watu waliopangwa foleni. Mlinzi aliiona ile nyundo akadhani ni sehemu ya maonyesho, akampisha kwa heshima. Watu nao walimpisha. Wengine walitabasamu na kutoa simu.

Alisimama mbele ya mlango wa Dada. Rangi ya maziwa, kiraka cha bati, mpasuko. Ulikuwa umefungwa. Aliinua nyundo, misuli ya bega bovu ikalia, na mwili wake uliozoea kazi ukakataa. Kulikuwa na jambo ambalo lilikuwa halijafanywa. Aliishusha. Akaweka kiganja juu ya ubao.

"Kuna mtu?" aliita.

Watu waligeuka kutazama. Wengine walisogea karibu.

"Kuna mtu?"

Mbunifu alimwona kutoka mbali, akaanza kupenya katikati ya wageni, uso umembadilika.

"Kuna mtu?"

Upande wa pili wa mlango, mgeni mmoja mwanamke, ambaye hakujua lolote na alidhani ni mchezo, alijibu kwa sauti ya uchangamfu, "Nipo."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Ile nyundo kubwa ikamponyoka mkononi, ikapasua sakafu. Yeye aligeuka, akaupa mlango mgongo, akaukandamiza kwa mabega yote mawili, zima na bovu. Mlinzi alipoelewa kwamba si maonyesho alimjia na rungu. Likaja la pili, na mlinzi wa pili, wakampiga mikononi aachie, wakampiga magotini, mshono wa juu ya jicho ukafumuka na damu ikachirizika kwenye rangi ya maziwa. Mbunifu alikuwa akiwavuta mashati akiwasihi waache.

Hakurudisha pigo. Hakusogea.

"Rudini nyuma," aliwaambia. "Msipige. Kuna mtu ndani."