Anayepika Ndiye Anayeonja

Mama Kyakimwa wa Butembo, aliyeuza chumvi na sabuni kwa jumla katika komuni ya Kisangani, mtaa wa mji wenye jina hilohilo, hakumwamini mtu yeyote, na katika hilo hakubagua. Wanande wenzake walijaza maduka yao wapwa na mashemeji. Yeye alisema ndugu wakijaa depo, ghala lako la bidhaa, watakupangia wizi kwa Kinande mbele ya pua yako, huku wakikuita tantine, shangazi. Basi akamwajiri Muhindo, mtoto wa kaka yake, huyo mmoja tu, ili ukoo usimlaani. Akamwajiri Philomène, binti wa wavuvi wa kule kwenye maporomoko ya mto. Akamwajiri Abdulhamid, mtu wa msikiti mwenye shingo ya ng'ombe na maneno machache. Mshahara wao ulikuwa mmoja, mwanamke kama mwanamume. Watu wa paroki walimsifu kwa upendo wake. Upendo gani? Kila mmoja alikuwa jicho lake juu ya mwenzake.

Tena ilikuwa miaka ya vita. Majeshi mawili ya kigeni yalikuwa yamepigania mji usio wao, yakauacha na matundu ukutani na sumu midomoni. Mnande aliitwa mtu wa Uganda, Mwislamu aliitwa jasusi, na kila aliyeumwa tumbo alisema amelishwa kitu. Aliyetajwa kuwa mtia sumu, mtaa haukumngojea hakimu. Ulianza kwa mawe, ukamaliza kwa tairi.

Ndiyo maana depo ilikuwa na sheria yake. Chakula cha mchana kilipikwa uani kwa zamu, na anayepika ndiye anayeonja kwanza, wenzake wakimwangalia koo. Ramadhani ilipita salama, kwa sababu Abdulhamid aliondolewa zamu. Idi ilipofika akawaletea wenzake wawili pilau, wakala pamoja. Kisha zamu yake ikarudi. Akapika pondu ya majani ya muhogo na samaki, akaitua, akajiweka kando.

"Onja basi, papa," alisema Philomène. "Njaa inatuuma."

"Nimefunga."

Muhindo akaweka sahani chini. "Umefunga nini? Idi si mulikula juzi? Mimi mwenyewe nililamba vidole!"

"Kuna saumu ingine nyuma ya Idi. Anayetaka, anafunga."

"Tiens! Anayetaka! Na akataka siku ya zamu yake!" Muhindo akakimbia hadi mlango wa barabarani. "Mukuje muone! Mutu anakataa chakula alipika yeye mwenyewe!"

Mlango ukajaa watu kabla hajafunga mdomo. Mmoja alishika kipande cha tofali.

Mama Kyakimwa akaja uani. Saumu ya nyuma ya Idi hakuwahi kuisikia maishani. Akamtazama Abdulhamid mikono. Kisha akamtazama Muhindo, ambaye tangu Noeli alikuwa anaimba habari za shemeji yake asiye na kazi. Wote wawili walimnukia vibaya.

"Tantine, mufukuze leo hii. Nafasi yake haitakosa mutu."

"Najua. Mutu mwenyewe iko tayari mufukoni mwako." Akamgeukia Abdulhamid. "Papa, onja kidogo tu. Mungu wako anawaona hawa watu."

"Anawaona, mama. Lakini nikila leo sababu munaniogopa, kesho mutanidai nini? Muhindo, Ijumaa za Kwaresima, nani alikulisha nyama kwa nguvu?"

Kumfukuza kulikuwa rahisi, neno moja tu. Lakini kumtoa kwa mlango ule, saa ile, ni kumkabidhi kwa mawe. Mama Kyakimwa alilijua hilo, na likamkasirisha kulijua.

Philomène akafuta mikono kwenye kitenge. "Mama, weye kila siku unakula ya kwako ya nyumbani, kwa kibakuli chenye kifuniko. Hakuna hapa aliuliza patronne anaogopa nini."

Neno hilo likamchoma Mama Kyakimwa. Akamkazia jicho, lakini watu mlangoni walikuwa wamesikia. Akainama, akamega bugali, akachovya katikati ya sufuria. Nikifa, akawaza, depo itabaki kwa Muhindo. Wazo hilo nusura limrudishe mkono. Akatia tonge mdomoni, akatafuna, na uso ukamkunjamana.

Mwenye tofali akasogea.

"Abdulhamid!" alifoka Mama Kyakimwa. "Tunakalia magunia ya chumvi, na weye unatupikia pondu bila hata punje moja?"

"Ningejuaje, mama? Nimefunga. Jikoni sikuonja."

Mwanamke mmoja mlangoni akaangua kicheko, na wengine wakafuata. Yule wa tofali alilitupa mferejini, akaondoka akijifuta vumbi la mikono kama mtu aliyekuwa na kazi nyingine. Mama Kyakimwa akarusha chumvi sufuriani, akakaa juu ya gunia, akala na wafanyakazi wake kwa mara ya kwanza.

"Muhindo, kula. Ama na weye umefunga?"

Muhindo akala, macho chini. Abdulhamid akarudi kwenye mizigo yake. Tangu siku hiyo, apike yeyote, patronne ndiye aliyeonja kwanza, na mwenye mfungo alibadilishana zamu na mwenziwe.

Jioni ile Mama Kyakimwa hakuondoa mkono tumboni, akisikiliza kama litauma. Alimtazama Abdulhamid akifunga milango, akamtazama Muhindo akifagia kwa hasira. Kisha akamtazama Philomène kwa muda mrefu kuliko wote. Binti anayejua kusema vile mbele ya watu, anajua nini kingine?