Mikunjo ya Mama Pasi

Mama mkwe wangu hajawahi kuandika jina kwenye kitu chochote. Sukari na chumvi ziko kwenye makopo mawili yanayofanana, na ole wako umuulize ipi ni ipi. "Huoni?" atakwambia. Nione nini, jamani? Yeye anajua kwa jinsi alivyokaza kifuniko! Alipiga pasi mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja, na huko, anasema, hakukuwa na muda wa kuandika. Shuka la wodi ya watoto lilikunjwa mara nne. La wodi ya wazazi, mara tatu. La chumba cha upasuaji lilikunjwa mara tatu, kisha kona moja ikarudishwa ndani, ili mtu akilishika hata bila kutazama ajue kwamba hili haliguswi ovyo. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Pasi. Na ndiyo maana mwaka jana mimi na yeye nusura tukosane maisha.

Ngoja nianze vizuri. Mama anapanda mayungiyungi. Wala si yeye peke yake, mtaa wetu wote umepagawa na maua hayo. Wakati wa kipupwe udongo wetu unalowa hadi unakuwa tope la barafu, na kitunguu cha yungiyungi ukikiacha humo kinaoza kinakuwa uji. Basi majani yakishakauka, watu wanavichimbua vitunguu vyao, wanavipangusa, wanavifunga kwenye magazeti na kuvilaza ndani ya maranda ya mbao, mahali pakavu, mpaka baridi iishe. Kitunguu kikizaa, watoto wake hugawiwa majirani. Kugawana kuna siku yake, Jumamosi ya kwanza jua likirudi na nguvu, uani kwa Mama, na sheria ni moja: kilichotoka mkononi mwako hakirudi. Hakuna kuomba, hakuna kununa. Sheria hiyo aliitunga Mama mwenyewe, baada ya majirani wawili kunyimana salamu mwaka mzima kwa ajili ya kitunguu kimoja.

Mama aligawa kila kitu isipokuwa yungiyungi la marehemu mama yake. Jekundu la kuiva, koo jeupe, na halikuwepo kwa mtu mwingine yeyote. Alipewa siku alipoondoka kwao kuolewa. Miaka arobaini lilikuwa likirudishwa kwenye chungu kilekile kidogo, kwa sababu aliogopa kulihangaisha, na miaka arobaini halikuzaa hata mtoto mmoja. Likichanua, Mama anaweka kiti mbele yake na kunywa chai hapo. Hapo usimsemeshe.

Sasa, mwaka jana kipupwe kikikaribia kwisha alikwenda kutolewa mtoto wa jicho, akakaa wiki tatu kwa binti yake. Kabla ya kuondoka alinionyesha masanduku mawili ya vitunguu stoo. "Mwanangu, uwe unachungulia tu. Yasipate unyevu."

Kuchungulia tu! Mimi ni fundi cherehani, mkono wangu haujui kuchungulia. Wiki ya pili paa likavuja, nikakuta sanduku la kwanza limelowa juu. Vifurushi kumi na viwili, magazeti yote yameanza kulainika. Nikavifungua vyote mezani. Vitunguu vizima, havina hata doa! Nilifurahi utadhani nimevizaa mimi. Nikavikausha, nikabadilisha maranda, nikachukua magazeti mapya nikayakata kwa rula, nikavifunga vyote mtindo mmoja, kona juu ya kona, kama bahasha. Nikarudi nyuma kuvitazama. Haki ya nani, nilijisifu.

Mama alirudi Alhamisi, siku mbili kabla ya kugawana, amevaa miwani myeusi. Hakupumzika, alipitiliza stoo. Akafunua sanduku.

"Nani amefungua?"

"Mimi, Mama. Paa lilivuja. Umeona magazeti yalivyonyooka?"

Alipitisha mkono juu ya vifurushi kimoja kimoja, kama anayepima homa ya mtoto. Alipofika cha kumi na mbili alianza upya.

"Kona iko wapi?"

"Kona gani, Mama?"

Akakaa juu ya sanduku la pili. Ndipo akanieleza. Vya mikunjo minne vilikuwa vya njano. Vya mikunjo mitatu, vya rangi ya chungwa. Hivyo kumi na kimoja ndivyo alivyowaahidi majirani, nyumba kumi na moja, kila nyumba kimoja. Na kile kimoja cha kona iliyorudishwa ndani kilikuwa cha mama yake. Tukavifungua tena vyote, tukavigeuza, tukavinusa. Bure kabisa. Kitunguu cha yungiyungi ni magamba meupe tu, vyote sura moja.

"We mtoto wa watu!" akalipuka. "Umenipangia kabati nikanyamaza. Umehamisha masufuria yangu nikanyamaza. Na hiki nacho?"

Nililia. Nikamwambia, "Basi usigawe, Mama. Tuvipande vyote hapa, vikichanua tutakijua. Watu watasubiri mwakani, kwani watakufa?"

Ijumaa nzima alizunguka uani na miwani yake, chakula akakisukuma. Jioni ndipo akasema, "Watu wameshachimba mashimo. Niliwaahidi. Nikiwanyima mimi niliyetunga sheria, nani tena atamgawia mwenzake? Na wewe ufunge mdomo. Wakijua, watanirudishia vyote."

Jumamosi akagawa. Kumi na kimoja, bila kuchagua, mbele ya macho yangu! Kila alipotoa kimoja, vidole vilichelewa kukiachia. Fundi viatu wa kona ndiye alikuja wa mwisho, na kopo la rangi alilolitoboa kwa msumari, kubwa kama ndoo, akakishika kifurushi chake juu chini huku akicheka. Kikabaki kimoja. Mama akakipanda kwenye kile chungu kidogo.

Wee! Miezi iliyofuata sikuwa na raha, lakini pia sijawahi kuwa na raha kama ile, sijui nikuelezeje. Mimi niliyekuwa siwezi kutofautisha ua na gugu, nikawa kila asubuhi, kabla sijafunua cherehani, nazunguka nyua kumi na moja nikijifanya nasalimia. "Hamjambo? Yungiyungi limefika wapi?" Machipukizi yalipotoka, roho juu. Matumba yalipotokea, usingizi kwisha! Nikasikia wanaambiana kwamba mkwe wa Mama Pasi akili zimemruka. Nikazidi kuzunguka.

Kwa mwalimu mstaafu likachanua kwanza: njano. Kwa jirani wa ukutani, chungwa. Chungwa tena. Njano. Kila siku nilirudi na habari na Mama alijifanya hasikilizi, ila nikichelewa nilimkuta amesimama mlangoni. Zikapita nyumba kumi, hakuna jekundu hata moja. Zikabaki mbili, chungu chetu na kopo la fundi viatu.

"Ni letu, Mama!" nilimwambia. "Lazima ni letu!"

Asubuhi tumba letu lilipoanza kufunguka, Mama aliweka kiti, akamimina chai. Nilisimama nyuma yake. Likafunguka taratibu, na lilikuwa la chungwa. Chungwa kama yale mengine yote. Mama alimaliza chai yake yote, akainuka na kikombe. "Zuri," akasema, akaingia ndani.

Nilibaki nalitazama lile ua nikitamani kulipiga kofi. Likabaki kopo la fundi viatu, na lile, nikwambie ukweli, nililikatia tamaa. Lilikaa nyuma ya kibanda chake, alilimwagilia siku akikumbuka, shina kalifunga kwenye fimbo kwa kamba ya kiatu. Matumba yake yalikuwa ya kijani tupu wakati wenzake wanapukutika.

Jumanne moja napinda suruali ya mtu, nasikia sauti kutoka ng'ambo ya barabara.

"Fundi mwenzangu! Njoo uone! La kwangu sijui limeumwa nini, limekuwa jekundu!"

Nilitoka mbio na futi ya kupimia shingoni, kiatu kimoja kikabaki chini ya cherehani. Mungu wangu! Jekundu la kuiva, koo jeupe. Na si moja, maua manne kwenye shina moja! Kwa Mama halikuwahi kutoa zaidi ya mawili. Nilipiga kelele hadi wateja wake wakasimama. Nikageuza mbio, nikamkuta Mama anaosha vikombe, nikamshika mkono na povu lake.

Alisimama mbele ya kopo, akavua miwani. Akainama karibu sana.

"Kumbe lina vidoa," akasema polepole. "Kooni. Miaka yote hii sikuwahi kuviona."

Fundi viatu alimtazama anavyobubujikwa na machozi, akanitazama mimi, akaelewa. Akalibeba kopo zima kifuani. "Mama, hili ni lako. Chukua."

"Kilichotoka mkononi hakirudi."

"Lakini Mama..."

"Niletee kiti."

Akamletea kile kigoda cha wateja. Tangu siku hiyo mpaka petali ya mwisho ikadondoka, Mama alikunywa chai yake nyuma ya kibanda cha viatu, katikati ya harufu ya gundi. Na ole wako umsemeshe.

Majani yalipokauka fundi viatu alitupigia ukunga tena. Alikuwa amelipindua kopo juu ya gunia. Kitunguu kilikuwa kimekuwa kikubwa kama ngumi, na ubavuni mwake wameng'ang'ania watoto watano! Mama alishika kichwa. "Miaka arobaini kwangu!"

"Labda lilitaka nafasi, Mama," fundi akasema, kwa upole.

Hakuweza kusubiri Jumamosi ya kugawana. Alichambua wawili walionenepa zaidi akamwekea Mama kiganjani, na safari hii Mama alipokea.

Juzi, na baridi hii, Mama aliingia chumbani kwangu cha kushonea. Akaweka kifurushi kidogo cha gazeti juu ya cherehani.

"Hiki chako," akasema. "Na paa likivuja, niite."

Nikachukua chaki nikiandike jina haraka, nisije nikaharibu tena. Akanipiga kofi mkononi.

"Weka chaki chini. Funga macho, shika."

Nikafumba. Nikapitisha kidole taratibu: mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu kona, imerudishwa ndani.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, Mama."