Siku Tuliyoifungua Namba Nne

Mwanangu Wambui, upepo ukipanda kutoka ziwani na kutuletea lile vumbi jeupe la magadi mpaka huku Lanet, mama yako hukimbilia kuanua nguo, na mimi hukumbuka siku moja ya ujana wangu. Najua mama yako ndiye mwanangu, wewe ni mjukuu. Lakini mzee akishaanza kunasihi, kila aliye mdogo kwake ni mwanawe, kwa hiyo kubali tu na unywe chai yako.

Jana uliishtua meza nzima. Umekuja likizo kutoka Mombasa, tumekutembeza kwa majirani wakuone na sare yako ya wanamaji, halafu unaweka kikombe chini na kuniambia mimi babu yako: "Guka, mi naacha kazi. Helikopta zetu zimebaki tatu tu, na ile yangu nimeambiwa niifungue tutoe spea za hizo zingine mbili. Mi sikusomea kubomoa. Na wanasema hata hizo mbili zitaenda, zije zile hazina rubani. Sasa future yangu iko wapi?"

Mama yako alinitazama nijibu. Nikaliweka jibu hadi leo, kwa sababu maneno kama hayo niliwahi kuyasema mimi nikiwa na umri wako, na nywele kichwani.

Enzi zetu, helikopta za wanamaji zikihitaji matengenezo makubwa zilipandishwa huku Bonde la Ufa, kwenye karakana moja upande wa Gilgil. Hewa ya bahari hula chuma, na yetu ni kavu. Watu walitucheka sana. Mama mmoja aliyeuza viazi kando ya barabara kuu alikuwa akituita "wanamaji wa vumbi", na bado alituongezea viazi viwili juu ya debe. Asubuhi ukungu ukiwa bado umelala kwenye mashamba, tulifungua milango mikubwa ya karakana, harufu ya mafuta ya ndege ikatupiga puani, na mtu akatangulia kuweka birika jikoni. Nimekula vizuri maishani mwangu, nimelala pazuri pia, lakini sijapata tena asubuhi kama zile. Nazitamani hadi leo.

Helikopta zilikuwa sita na kila moja ilikuwa na fundi wake. Mimi nilipewa Namba Nne, nikaipa jina la Nyambura. Wenzangu waliniuliza mahari nitapeleka lini na kama wakwe wanataka mbuzi ama ng'ombe. Nilicheka nao, ila nikwambie ukweli, niliipenda. Niliijua ikikohoa, niliijua ikiwa na raha. Rubani alikuwa hajashuka, mimi nishajua kinachoisumbua ndege.

Basi kuishi kwingi ni kuona mengi. Wale waliozitengeneza huko ng'ambo wakaacha kutengeneza aina ile, na spea zikaadimika. Moja ikasimama, ya pili ikasimama, hata ikafika siku ikawa inayoruka ni Namba Tano peke yake, ile ya rubani Hamisi. Huyu Hamisi alikuwa kijana wa mjini Nakuru, wa Bondeni, mcheshi, mwenye sauti ya kuadhini. Namba Mbili ilikuwa nzima isipokuwa gia boksi. Nyambura wangu naye alikuwa na gia boksi nzuri kabisa, lakini mwili wake ulikuwa umepata ufa ambao hauzibiki.

Hapo ndipo palikuwa na shida, na uielewe vizuri. Kazi ya juu ya bahari ilifanywa kwa helikopta mbili. Moja ikiangukia majini, nyingine inawaokoa waliomo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini Hamisi tulimjua. Akisikia kuna watu wanazama angeenda hata peke yake, na ikizimika huko, nani angemfuata?

Ikaamuliwa Nyambura afunguliwe. Karakana yetu ilikuwa na desturi yake ya siku kama hiyo. Kwanza mafundi wote walikusanyika kuiosha ndege mara ya mwisho, kama inavyooshwa ikienda gwaride. Kisha fundi wake mwenyewe, si mwingine, alifungua nati ya kwanza. Kabla hajafungua yeye, hakuna mkono uliogusa spana.

Tuliiosha. Jua lilikuwa limetoka, maji yakawa yanang'aa juu ya rangi. Halafu wote wakarudi nyuma hatua kidogo, mikono ya mashati imelowa, wakanitazama. Mimi nikachukua sanduku langu la vifaa, nikalifunga, nikalikalia.

"Hii haifunguliwi," nikasema. "Tulikuwa na ndege sita. Tukianza kukata hivi, kesho mtasema tano, keshokutwa nne, na mwisho wanamaji watabaki na mitumbwi. Kama ni kubomoa, tafuteni mtu mwingine. Mimi naacha kazi."

Na kwa desturi ile, mwingine hangeweza kupatikana. Nilijua hivyo nilipokaa.

Mkuu wetu wa karakana alikuwa Afande Barasa, mtu wa Bungoma, mnene, mpole, asiyepaza sauti hata nyundo ikimwangukia mguuni. Aliwaambia wengine waende wakanywe chai. Nilidhani sasa nitatiwa ndani. Badala yake akanishika bega, akanipandisha ndani ya Nyambura, akaniketisha kwenye kiti cha rubani. Mlango mwingine akauingia yeye kwa taabu, maana kiti chenyewe hakikumtosha.

"Kijana, angalia mbele. Unaona nini?"

"Ukuta, afande."

"Hapana. Hiyo ni maji. Kila mahali ni maji. Injini yako imezima na wewe uko ndani ya maji, umeshikilia boya. Unaangalia juu. Unataka kuona nini?"

Nikaangalia juu, nikaona paa la karakana.

"Nakuuliza. Unataka uambiwe huko Gilgil kuna ndege sita zimepangwa vizuri, zimeoshwa?"

"Hapana, afande."

"Unataka nini?"

"Nataka moja ije."

"Ehee." Akapangusa jasho. "Wewe unahesabu zile ziko chini ya paa. Hamisi anahesabu ile inaweza kuja kumchukua. Kwa hesabu ya Hamisi, saa hii iko sifuri. Na wewe umekalia sanduku."

Mwanangu, nimewahi kupigwa na baba yangu, nimewahi kufokewa na makamanda wenye nyota begani. Hakuna kilichoniuma kama neno "sifuri" lililosemwa polepole vile. Nililia ndani ya ile ndege. Afande Barasa hakuniambia ninyamaze. Alisema tu, "Lia, lakini ukimaliza ufungue sanduku. Kupenda si vibaya. Ukipenda kitu, jua kilizaliwa kufanya kazi gani, ukisaidie kuifanya."

Nikashuka, nikafungua nati ya kwanza. Iligoma kidogo, kisha ikaachia. Kufikia jioni gia boksi lilikuwa juu ya meza, na kabla mvua za masika hazijaisha Namba Mbili iliruka nalo, ikapita juu ya karakana yetu kuelekea pwani. Sisi wanamaji wa vumbi tukapiga kelele kama watoto.

Muda baadaye, siku moja Hamisi alirudi Nakuru kuwaona wazazi wake, akanipitia Gilgil. Nilimkuta langoni, ameshuka kwenye gari, hana ule ucheshi wake. Aliniambia Namba Tano ilimzimikia mbali na nchi kavu, akaelea majini na boya hadi akasikia mlio. "Niliutambua," akasema. "Nikasema, hiyo si Namba Mbili, huyo ni Nyambura anakuja." Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, asiuachie. Tulikwenda naye kwao Bondeni, mama yake akatupikia pilau jioni ile na akawa ananiita mwanangu mpaka alipofariki.

Sasa nisikilize. Sijui kama helikopta zenu zitabaki mbili, au moja, au kama kesho mambo yote yatafanywa na hizo zisizo na rubani. Anayekwambia anajua anakudanganya. Lakini hata ije ndege ya namna gani, lazima awepo mtu wa kuamka asubuhi aipapase, aisikilize, aseme hii iende na hii isiende. Mtu huyo ni wewe, kama hutasusa. Usihesabu ndege kwa macho ya anayetazama gwaride. Zihesabu kwa macho ya aliye majini anayeangalia juu. Usione wembamba wa reli, gari moshi hupita. Zenu mbili zikiruka kweli, zinashinda sita zilizoegeshwa.

Tena sikukatazi kuacha kazi. Siku moyo wako ukipata shughuli nyingine unayoipenda zaidi, nenda, na Guka wako atakusindikiza hadi stendi. Ila usiondoke kwa hasira ukaacha kazi hiyo imefungiwa sandukuni. Rudi kwanza. Iosheni hiyo yako wote pamoja, hata kama huko pwani hamna desturi hiyo. Waambie imetoka Gilgil. Kisha ufungue nati ya kwanza kwa mkono wako, na usimruhusu mwingine akuondolee uchungu huo, maana ni haki yako.

Nenda kwa amani, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, aitulize pale itakapotetemeka. Akujalie uzee wenye chai ya moto na wajukuu wabishi kama wewe. Na kila atakayekuwa majini akiangalia juu, asikie mlio unakuja, wala asijue kamwe kwamba kuna siku ulitaka kuacha.