Bahasha za Ijumaa

Watoto walimwita Bi Kadi, na sisi walimu wenzake tukamwita hivyo hivyo, maana hukumkuta bila kadi za maneno mkononi. Darasa lake la chekechea lilipakana na langu, na ukuta wenyewe mwembamba. Wangu wakiimba ba-be-bi-bo-bu, wake wanapayuka: "Hapa! Sasa! Lakini! Huyu!" Maneno mazima, kwa kutupiwa jicho mara moja tu. Nilimtania kwamba anafuga kasuku.

"Kasuku wangu watasoma gazeti, wako bado wanabebebe," alinijibu. Na alisema kweli, jambo lililoniudhi zaidi.

Kila Ijumaa, kadi ambazo mtoto hakuzitambua alizitia kwenye bahasha, akampa aende nazo nyumbani akajifunze na wazazi. Kwa miaka ishirini na miwili hakuruka Ijumaa hata moja. Alijivunia bahasha zile kama watu wanavyojivunia nyumba waliyojenga wenyewe.

Jumatatu moja aliingia darasani kwangu amemshika mkono binti wa miaka sita, mtoto wa fundi wa kuchomea mageti. Mama yake alishafariki. Bi Kadi akamgeuza, akampandisha shati. Mgongoni palikuwa na michirizi saba, miwili imepasuka.

"Nilimpa kadi saba," alisema.

Siku hiyo sikuwa na utani. Tulikwenda kwa mwalimu mkuu, akasema atamwandikia mzazi barua. Barua! Nilitamani kumpindulia meza yake.

Ijumaa ikafika. Mtoto alikosa kadi tano, lakini Bi Kadi alimpa bahasha tupu. "Mwambie baba umezijua zote," alimnong'oneza. Hata hivyo moyo haukumtulia, na jioni akanivuta twende kwao.

Tulimkuta fundi uani, gazeti magotini, waya wa umeme mkononi. Bahasha tupu haikumdanganya. Alikuwa anampima mtoto mwenyewe.

"Hili neno gani?"

Mtoto akalikodolea gazeti macho. Waya ukashuka. Mtoto hakulia hata, alijikunja tu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Bi Kadi akajirusha katikati.

"Nipige mimi, mwanaharamu wewe!"

Fundi akampiga kweli. Aliokota nondo, akaishusha kwenye mkono ambao Bi Kadi aliuinua kujikinga, nami nikasikia mfupa ukivunjika. Maisha yangu yote nimedai kwamba mimi si mgomvi. Jioni ile nilimvunjia mtu kigoda begani, kisha nikamtwanga ngumi ya mdomo mpaka jino likatoka, na niliona raha. Sitaomba radhi kwa hilo. Majirani ndio walionitoa juu yake, wakamfunga kamba kusubiri polisi.

"Huyu mwanamke ndiye kanituma!" alipiga kelele, damu inamchuruzika kidevuni. "Kila Ijumaa ananiletea ujinga wa mwanangu ndani ya bahasha! Alitaka nifanye nini?"

Mama mdogo wa mtoto alifika, akamchukua na nguo zake kwenye ndoo, akaapa mtoto hatarudi pale. Nami nikampeleka Bi Kadi hospitali.

Kijana wa kufunga plasta alimtazama mara mbili, akacheka.

"Shikamoo, mwalimu! Umenisahau? Nilikuwa nakaa dirishani. Kadi zako nazikumbuka mpaka leo, zote."

Uso wa Bi Kadi ulichangamka kwa mara ya kwanza jioni ile, nami nikafurahi kwa ajili yake. Kisha akaangalia vidole vyake vilivyovimba.

"Mwanangu," akamwuliza, "Ijumaa, nyumbani kwenu ilikuwaje?"

Kijana aliendelea kuzungusha bandeji ya plasta, bado mbichi, mzunguko juu ya mzunguko, bila kuinua macho.

"Usitikisike, mwalimu," alisema. "Tunakaribia kumaliza."