Blanketi kwenye Mabega ya Odette

Siku ya kwanza kazini, Mama Chef, mkuu wa nguo za jukwaani, hakunipa sindano. Alinipa jiwe.

"Anza na magoti," alisema, akinitupia suruali mpya ya kaki.

Nilifikiri ananitania. Kumbe ndiyo kuzeesha nguo: unaichemsha katika majani ya chai, unaianika, kisha unasugua magoti na viwiko mpaka jukwaani ionekane imefanya kazi miaka mingi. Ninyi wadogo zangu mnaoingia sasa katika kikundi chetu cha michezo ya kuigiza hapa Panda, mtaa wa Likasi, mtaanza na jiwe pia. Mimi ninastaafu nikiwa na meno yangu yote, naenda kufungua atelier yangu ya kushona, lakini niacheni nijifanye mzee kidogo.

Baada ya jiwe nilipandishwa kwenye patron, ile karatasi ya kukatia kitambaa, halafu kwenye essayage, yaani kumvalisha mchezaji nguo ingali na pini. Hapo ndipo nilipokutana na shida ya Odette.

Tulikuwa tunatayarisha mchezo juu ya wazee wetu waliotoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi. Odette alicheza mke wa mfanyakazi anayeshuka treni. Mama Chef alitaka vazi la wakati ule kabisa: kitambaa kimoja, kimefungwa juu ya kifua, mabega wazi. Nilishona. Odette alipojitazama, akakaa chini.

"Yaya," akaniita, kama tunavyomwita mkubwa wetu, "minye siwezi toka vile. Papa Bukwe atakuwa mbele."

Bukwe ni mkwe. Huyo alikuwa baba wa mchumba wake. Kwetu, mbele ya bukwe binti anajifunika, hata macho anayashusha. Familia zilikuwa bado zinazungumza. Mabega yale yangeweza kuivunja harusi.

Muongozaji wa mchezo alikasirika. "Weye iko mwigizaji ao iko bibi-arusi?"

"Niko yote mbili, chef!"

Tukacheka. Yeye hakucheka. "Basi muvalishe blouse."

"Blouse ya leo kwenye treni ya zamani?" nikasema. "Batu batatucheka, chef."

"Kama ni vile, nitatafuta mwingine."

Odette akaanza kulia. Sikukubali. Nilizunguka Panda nikiwauliza bibi zetu: mama zenu walishuka treni namna gani? Walinieleza vitambaa, shanga, masufuria. Mmoja akacheka.

"Ee mutoto, ilikuwa mwezi wa sita! Mama alishuka na blanketi, anatetemeka sawa kuku ya mvua."

Nilirudi mbio. Nani wa Likasi asiyeijua baridi ile? Nikatafuta blanketi la kijivu, nikalizeesha, nikalikaza kwa pini kubwa chini ya kidevu cha Odette. Mkiniuliza kazi hii inataka nini, nitawaambia: usichoke kuuliza, na umpende anayevaa.

Siku ya mchezo Odette alishuka akitetemeka, amefunikwa mpaka shingoni, kitambaa cha zamani kikionekana chini. Papa Bukwe hakupiga makofi. Nikasema moyoni, harusi imekufa.

Mwishoni alikuja nyuma ya pazia na mwanawe. Akasimama mbali na Odette, kama desturi inavyotaka, akaniuliza mimi.

"Hii blanketi, nani alikuambia?"

"Ni baridi iliniambia, papa."

Akamgeukia mwanawe.

"Harusi tufanye mbele ya baridi kufika. Huyu mutoto asitetemeke tena."